Hata Vifuniko Sijafungua

Ukiingia dukani kwetu utakuta wanawake wawili. Mmoja yuko mbele, nyuma ya kaunta ya vioo, amezungukwa na fremu za miwani za kila rangi, na mdomo wake haupumziki. Huyo ni mimi. Mwingine yuko nyuma ya pazia, kwenye chumba chenye giza, anaongea polepole na hana haraka na mtu. Huyo ni mpima macho, binti wa kaka yangu, na duka ni lake. Mimi ni shangazi tu. Nilikuja kumshika mkono kwa muda mfupi alipofungua, nikanogewa, na mpaka leo hakuna aliyepata ujasiri wa kuniuliza nitaondoka lini.

Binti huyo tunamwita Chiriku. Alianza kuongea kabla hajaota meno, na yalipoota ikawa balaa: aliuliza, akajibu, kisha akabishana na majibu yake mwenyewe. Siku hizi amepungua maneno. Amepungua na mengine pia, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Dukani kwetu kazi kubwa ni kuamua, na kila mmoja ana mtindo wake. Mimi mteja akishika fremu mbili akaanza kujiuliza, namnyang'anya moja. "Hii inakupa sura ya mtu wa maana," namwambia. "Ile inakufanya uonekane umeamshwa usingizini." Anacheka, ananunua, anakwenda zake. Watu wengi hawapendi kuchagua. Wanapenda kuwa na mtu wa kumlaumu baadaye, na mimi lawama hazijawahi kuninyima usingizi.

Chiriku ni kinyume changu. Anakuvisha ile fremu nzito ya chuma, anachomeka kioo, anakitoa, anachomeka kingine, halafu anauliza: "Ya kwanza, au ya pili?" Mteja anatetemeka utadhani yuko kwenye mtihani. Chiriku anamwambia hakuna jibu la makosa, aseme tu anachoona. Mteja anasema ya kwanza, anajuta, anasema ya pili, anaomba arudishiwe ya kwanza. Chiriku anarudisha. Angeweza kungoja mpaka mteja azeeke pale kwenye kiti, na sijawahi kumsikia akimharakisha mtu.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye subira ya kuwagawia wengine, mwekee sahani ya chakula mbele yake uone.

Nyumbani tunakaa watatu: mimi, yeye, na baba yake, ambaye ni fundi bomba aliyestaafu. Tangu wifi yangu alipofariki, kaka yangu ndiye bwana wa jiko. Anapika kama alivyokuwa anaunga mabomba: hakuna kinachovuja na hakuna kinachonukia. Lakini anapika kwa moyo, na anapakua kwa moyo mkubwa zaidi. Basi jioni tunaketi mezani na kesi inafunguliwa.

"Baba, humu umetia mafuta kiasi gani?"

"Ya kutosha."

Hakuna jibu baya kuliko hilo kwa Chiriku. Uso unamsinyaa. Anausogeza wali pembeni, anaurudisha, anautenganisha na mboga, anakunywa maji, anainuka kwenda kutazama kama mlango umefungwa. Mlango huwa umefungwa. Anarudi, anatuuliza habari za majirani tusiowapenda, ilimradi tuongee sisi na macho yetu yahame kwenye sahani yake. Mimi ukinitajia jirani nisiyempenda nimekwisha, kwa hiyo mbinu hiyo ilimfaa kwa muda mrefu. Tukija kushtuka meza imeshafutwa, na wali wake uko kwenye sufuria, umerudi ulikotoka.

Mwanzoni nilidhani ni maringo. Halafu nikadhani ni mwanaume. Nikamtafuta huyo mwanaume kwa bidii zangu zote, nikamkosa, nikasikitika, maana nilishamwandalia maneno. Hapo ndipo nilipomshika Chiriku mkono nikampeleka hospitali, na mkono wenyewe ukaniogopesha kwa wepesi.

Daktari alikuwa binti mdogo, wa umri ambao bado unaombewa ruhusa nyumbani, lakini alijua kazi yake. Akasema ni ugonjwa wa ulaji. Nikamwambia, "Ugonjwa wa ulaji ndio upi? Si mtu anafungua mdomo tu?" Hakunikasirikia. Akasema sivyo. Akasema mwenzetu akiona chakula, woga unafika kabla ya njaa, na baada ya muda mrefu ule woga unageuka kuwa sheria, na sheria haingoji kuulizwa. Halafu akaweka kile chombo chake kifuani kwa Chiriku, akasikiliza muda mrefu kuliko nilivyopenda. Moyo ulikuwa unapiga taratibu mno. Kwa maneno yangu mimi, moyo wake ulikuwa umeanza kubana matumizi.

"Kuna kitanda wodini," daktari akasema. "Naweza kukushikia mpaka Ijumaa. Wewe ni mtu mzima, siwezi kukubeba. Lakini hali ikiendelea hivi, moyo unaweza kusimama, na hautakupigia simu kwanza."

Chiriku akauliza huko wodini wanakula nini.

"Mwanzoni hutaulizwa," daktari akajibu. "Chakula kitaletwa, muuguzi atakaa na wewe, mtakula."

Niliona rangi ya uso wake ikibadilika. Kufa hakukuwa kumemtisha hivyo. Nilishikwa na hasira, nasema kweli, hasira ya kutaka kumtikisa. Nikamtania badala yake. Nikasema, "Usijali, daktari, atakuja. Huyu hajawahi kukosa miadi tangu azaliwe." Chiriku akatabasamu, akasema ndiyo, atakuja, ila labda siyo wiki hii.

Wiki hii kulikuwa na vioo vya kupokea. Tena kulikuwa na wanafunzi wa kupimwa. Tena kulikuwa na mama mmoja mwenye macho ya kuwasha ambaye hakumwamini mtu mwingine. Sababu zake zote zilikuwa nzuri, zimepangwa vizuri, kila moja imevaa tai. Wahenga walisema subira huvuta heri, lakini subira ya Chiriku ilikuwa inavuta kitu kingine kabisa. Utotoni watoto wakigawiwa peremende, wenzake walizimaliza papo hapo. Yeye aliitunza yake mpaka ikayeyukia kwenye karatasi. Ukoo mzima tulimsifu. Tulisema mtoto ana msimamo.

"Mwache," kaka yangu akaniambia jikoni, anakwangua sufuria. "Njaa itamfundisha."

"Njaa gani itamfundisha? Yeye ndiye anayeifundisha njaa."

Kaka akakwangua kwa nguvu zaidi. Ni mtu ambaye bomba likipasuka anajua pa kushika. Hapa hakujua, na nilimwonea huruma kiasi kwamba sikumsema tena jioni ile.

Ndipo nikapata akili. Nilijiambia: huyu mtoto shida yake ni kushindwa kuamua. Na nani anajua dawa ya kushindwa kuamua kama si yeye mwenyewe? Basi nikaanza kubeba chakula cha mchana kwenye vyombo viwili, kikubwa chenye mfuniko mwekundu na kidogo chenye mfuniko mweupe. Kaka anajaza, mimi natia kapuni, na mchana napanga juu ya kaunta.

"Haya, mteja wangu," namwambia. "Hakuna jibu la makosa. Ya kwanza, au ya pili?"

"Ya pili," akasema, haraka, hata bila kushusha pumzi.

Na akala! Si vyote, lakini alikula. Nilitoka nje kumpigia kaka simu kama mtu aliyepata mjukuu. Siku iliyofuata ikawa vilevile: ya pili, papo hapo, hakuna mlango wa kutazama, hakuna jirani wa kujadiliwa. Nilijipongeza sana. Nilifikiria hata kumshauri daktari, kwa upole, asije akajisikia vibaya.

Kilichonitia shaka ni pini. Chiriku aliinama kuokota kitambaa cha kufutia vioo, nikaona sketi yake imebanwa kiunoni kwa pini ya nguo, na pembeni kuna matundu ya pini ya zamani. Pini ilikuwa inahama. Nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu huwa kunachelewa kwa sababu lazima kupishane na maneno njiani. Nikakumbuka ile ya pili ndiyo ndogo. Nikabadilisha nafasi, nikaweka ndogo iwe ya kwanza. "Ya kwanza," Chiriku akasema, haraka vilevile.

Sasa nilijua kuna kitu, ila sikujua nikiite nini. Na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

Alhamisi asubuhi akaingia dereva wa lori. Mtu mpana, anaingia mlangoni kwa ubavu, na nyuma yake mkewe. Alitaka karatasi ya kuthibitisha kwamba macho yake ni mazima ili apate leseni mpya. Wakakaa kwenye benchi kungoja waliotangulia wapimwe. Mara kwa mara mkewe alisimama, akachungulia pembeni mwa pazia, akarudi akamnong'oneza mumewe sikioni. Nikadhani anaulizia choo.

Zamu yake ikafika. Pazia letu ni la kitambaa, halizuii neno, na mimi si mtu wa kuziba masikio kwa makusudi. Nikamsikia Chiriku akimkaribisha kitini, akamwambia azibe jicho la kushoto. Hapo hapo dereva akaanza kushusha herufi: mstari wa juu, wa katikati, mpaka zile za chini kabisa ambazo mimi sijawahi kuonana nazo. Hakusita wala hakumeza mate.

"Umesoma vizuri sana," Chiriku akamwambia. "Ila taa ya chati sijaiwasha bado, kaka."

Pale kwenye benchi mkewe akaanza kukagua viatu vyake. Mimi nilishika mbavu, nikauma kitambaa cha vioo ili kicheko kisitoke. Chiriku hakucheka. Nikasikia akitundua chati ile, akatundika nyingine, na mwanga wa taa ukapenya chini ya pazia.

"Tuanze upya. Unaona nini hapa?"

"Hii... hii siijui, dokta."

"Sijakuuliza unajua nini. Nimekuuliza unaona nini."

"Nikikosea?"

"Huwezi kukosea. Ukisema huoni, hilo nalo ni jibu. Ndilo ninalolitafuta."

"Nikisema sioni, dokta, kazi imekwenda na maji."

"Na ukisema unaona, siku moja utakwenda na watu barabarani. Sema, kaka. Tuko wawili tu humu."

Walikuwa wawili na shangazi, lakini sikuona haja ya kumsahihisha. Lile jitu likavuta pumzi, halafu likasema kwa sauti ndogo kabisa: "Naona weusi weusi tu."

"Asante," Chiriku akasema. "Basi tunaanzia hapo."

Wakaanza. Ya kwanza, au ya pili. Ya pili, au ya tatu. Ilichukua muda. Vioo vya kumfaa tulikuwa navyo, na fremu nilimchagulia mimi, nyeusi, nene, ya kumpa heshima barabarani. Alipotoka nje alisimama kwenye ngazi akaanza kusoma kila kitu kwa sauti: duka la vipuri, ushonaji wa nguo, tunanunua betri mbovu. Akageukia ukutani. "Ni marufuku kuegesha magari hapa!" akasoma kwa furaha. Mkewe akamwambia, "Ndipo ulipoegesha." Wakaondoka wakibishana, na mtaa mzima ukacheka.

Mchana ukafika. Nilikuwa bado na kicheko kifuani nilipotoa vyombo vyangu kapuni na kuvipanga kama mwanzo, kidogo kikiwa cha pili. Chiriku alikuwa upande wa pili wa kaunta, anafuta kioo kwa ncha ya kitambaa, mgongo umepinda.

"Haya, mteja wangu," nikasema kwa mazoea. "Ya kwanza, au ya..."

"Ya pili."

Hakuwa ameinua uso. Mkono wangu ukabaki hewani, na mdomo, ambao haujawahi kuwa na breki, ukanitangulia. "Chiriku," nikasema, "hata vifuniko sijafungua."

Akainua uso.

"Taa sijaiwasha, mwanangu, na wewe umeshamaliza kusoma. Mpaka zile za chini kabisa. Nyani haoni kundule! Unamkamata dereva wa watu, kumbe wewe ndiye umekariri chati nzima."

Nilisema kwa kutania, naapa. Nilitaka acheke. Na ili nimalizie utani wangu vizuri nikafungua kile cha pili, cha mfuniko mweupe, nimsomee kilichomo. Hakikuwa na kitu. Kilikuwa kimeoshwa, kimekaushwa, kinang'aa. Kaka yangu asubuhi alikuwa anasikiliza mpira redioni, akajaza kimoja, akakifunika kingine kikiwa kitupu, akanikabidhi kapu kwa heshima zote.

Tulikitazama sote wawili. Chiriku ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka sana, cheko lile la zamani la kuparamia juu, akashika kaunta. Nami nikacheka, nikaanza kumlaani baba yake. Katikati ya kucheka akanyamaza.

"Shangazi," akasema. "Unajua nilivyoona hakina kitu nimejisikiaje?"

"Umejisikiaje?"

"Nimefarijika. Kabla ya kucheka, kabla ya kitu chochote. Nimesema moyoni, afadhali." Akaweka kile kioo chini. "Nimechagua hewa, na nimefurahi."

Sikuwa na mzaha wa kuweka hapo. Nilitafuta, nikakosa. Akaenda akageuza kibao cha mlangoni kisomeke tumefunga, akarudi akakaa kwenye benchi la wateja, mikono katikati ya magoti. Halafu akaanza kuongea, na ilikuwa miaka sijamsikia akiongea hivyo.

"Ninyi mnadhani siwezi kuamua," akasema. "Shangazi, mimi nashinda ninaamua. Sijafungua macho nimeshaanza. Nikila hiki asubuhi basi kile mchana hapana. Nikikaa, nisimame. Nikionja, nilipe. Mteja ananiambia ya kwanza au ya pili, na mimi kichwani nina kesi yangu inaendelea. Kila kijiko nakitolea hukumu. Wewe jana umekula ndizi mbili huku unagombana na mtu kwenye simu! Nilikuwa nakutazama. Unawezaje?"

"Zilikuwa ndizi tu," nikasema kinyonge.

"Ndiyo hivyo. Kwako zilikuwa ndizi tu." Akafuta pua kwa kitambaa cha vioo, kitu ambacho angemfukuzia mtu kazi. "Nimechoka, shangazi. Na jibu lenyewe ni lilelile kila siku. Nahangaika kutwa nzima kufikia jibu ninalolijua tangu asubuhi."

Nikakaa karibu naye. Benchi likalia upande wangu, upande wake halikusema kitu. Nilimpenda mpaka kifua kikaniuma, na nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa.

"Basi pumzika kuamua," nikamwambia. "Huko wodini daktari alisema hutaulizwa."

"Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko yote."

"Najua. Niliuona uso wako."

"Kwamba mtu ataniwekea sahani, na sijui wamepika vipi, na siwezi kupunguza, na siwezi kuinuka..." Nje mtu akajaribu mlango, akasoma kibao, akaondoka. "Halafu kuna sehemu yangu ndogo sana, shangazi, sehemu kama hii hapa," akanionyesha ncha ya kidole, "ilisikia maneno yale ikasema, jamani, afadhali."

"Hiyo afadhali nyingine."

"Ndiyo. Hiyo ni nyingine."

Akatoa simu yake mfukoni akanipa. "Piga wewe. Nikipiga mimi nitamwomba tusogeze mbele. Nimeshajua nitakavyomwambia. Nina sababu nzuri sana, hata wewe ungekubali."

Sasa ona mambo. Mimi ninayewaamulia watu wazima rangi ya miwani, ninayejua nani aolewe na nani ahame, nilishika ile simu nikaingiwa na baridi. Nilikuwa nimeitamani siku hiyo, siku ya kuambiwa amua wewe. Ilipokuja nikaona si yangu.

"Nitapiga," nikasema. "Lakini uniambie kwa mdomo wako kwamba unakwenda. Nisije nikakubeba kama kifurushi, halafu uteremke kwenye taa za barabarani."

Alikaa kimya. Sikumharakisha. Nilijifunza kwake, na kwangu mimi ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba mawe. Nilibana midomo mpaka ikauma.

"Sitaki," akasema hatimaye. "Lakini naenda."

Nikapiga.

Kesho yake kaka alibeba begi mwenyewe, hakuruhusu mtu amsaidie, na begi lenyewe lilikuwa jepesi. Alikuwa amejiandaa kumwambia binti yake maneno fulani, nilimsikia akiyafanyia mazoezi bafuni. Tulipofika mlangoni mwa wodi yote yakampotea. Akasema, "Mabomba ya hapa wameyafunga vibaya," akaelekeza ukutani, machozi yanamtoka. Chiriku akamkumbatia, akasema, "Ndiyo baba, nimeona."

Nisidanganye, huko ndani hakukuwa na muujiza. Chakula cha kwanza kililetwa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, akavuta kiti akaketi naye. Wali, mboga, nusu ya samaki. Niliruhusiwa kukaa pembeni kwa sharti la kunyamaza, sharti zito. Chiriku alikula huku analia, kijiko kwa kijiko, na kwenye kila kijiko niliona akishindwa kesi. Muuguzi hakumsifu wala hakumgombeza. Alimwambia habari za mbwa wake. Mimi nilitoka nikaenda kulilia kwenye ngazi, nikamkuta kaka yangu ameshatangulia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alificha mkate ndani ya mto. Aliniita msaliti. Siku moja alimpigia baba yake akamwambia ameshapona, aje amchukue, na alisema kwa ufasaha kiasi kwamba kaka alivaa viatu. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia, "Hiyo sauti si ya mwanao, hiyo ni chati inasomwa." Hakunielewa. Alivua viatu hivyo hivyo, kwa sababu tangu utotoni ananiogopa.

Dukani nilimweka mpima macho wa muda, kijana mpole wa kike mwenye viatu vya kulia sakafuni. Wateja walipoulizia mwenye duka niliwaambia amekwenda kupumzika. Walisema vizuri, anafanya kazi sana. Nilikubali. Hawakujua ni kazi ipi.

Tukazoea. Kwenye simu Chiriku alikuwa ananijibu kwa ufupi: amekula, amelala, daktari amesema moyo umeanza kuchangamka. Alikula kwa sababu alipangiwa kula, basi. Nilishukuru, kwa kuwa moyo haujali umelishwa kwa sababu gani. Lakini alikuwa anaongea kama mtu anayesoma barua ya ofisi, na mimi nilikuwa nimekaa kimoyomoyo namngojea mtu mwingine apokee simu ile.

Halafu wakaanza kumruhusu kuchagua. Kitu kimoja tu kwa siku, mezani, muuguzi akiwa kando. Daktari alinionya kabla. Alisema wengi wanapofika hapo wanarudi nyuma, chati ya zamani inafunguka yenyewe. Sikulala vizuri. Siku yenyewe nilikuwa nauza fremu kwa bwana mmoja mwenye kichwa kikubwa, mguu wangu mmoja unacheza chini ya kaunta, macho kwenye simu.

Ikaita.

"Shangazi, hii supu yao mbaya."

Nikajua ndiyo hayo. "Imekuwaje?" nikauliza taratibu. "Ni nyingi?"

"Nyingi? Hapana. Haina chumvi. Imepoa, karoti hazijaiva, na juu inaelea majani sijui ya mti gani. Nani anapika hivi? Hata baba hajafikia hapo. Nikamwambia muuguzi mimi hii hapana, niletee samaki."

Bwana mwenye kichwa kikubwa alikuwa ananiuliza kitu. Nilimwinulia kiganja.

"Samaki si ndiye ana mafuta?" nikasema. Neno lilinitoka tu, nikatamani kulimeza.

"Anayo," Chiriku akasema, na sauti ikatetemeka kidogo, kisha ikatulia. "Niliogopa. Bado naogopa. Lakini supu ilikuwa mbaya, shangazi, nifanyeje?"

"Na huyo samaki alikuwaje?"

Alifikiri. Nilimsikia kabisa akifikiri, akiangalia nyuma kwenye ulimi wake mwenyewe, kama mtu anayetafuta neno la lugha aliyoisahau.

"Mtamu," akasema.

"Nini?"

"Mtamu! Umeziba masikio? Samaki alikuwa mtamu."

Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza. Nilitaka tu alirudie.